Neno Haramu Lilikotoka

Leo namwomba kila mmoja achukue Biblia yake na penseli, kwa kuwa safari yetu ni ndefu. Tutatoka hapa kwetu Kenya twende Makka, Yeriko na Moabu, kisha turudi nyumbani. Kote huko tutalifuata neno moja tu, neno ambalo sote twalijua na wengi wetu twalitumia kila siku. Neno lenyewe ni haramu.

Ukimwuliza mtoto wa shule maana yake, atakujibu mara moja kwamba haramu ni kitu kibaya, kitu kilichokatazwa. Naye hakukosea. Redio hutupa habari za uvuvi haramu, silaha haramu na mikutano haramu. Chang'aa ilipigwa marufuku nchini mwaka 1980, ikahesabiwa pombe haramu miaka thelathini. Halafu sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti, ikawa halali, ingawa kichwa cha mnywaji kiliuma vile vile asubuhi yake. Katika matumizi kama hayo haramu ni jambo lisilo na kibali cha serikali, basi. Tena mtakumbuka jinsi habari za miaka ya 2008 hadi 2011 zilivyojaa maharamia waliokuwa wakiteka meli katika bahari ya Somalia. Haramia naye ni wa ukoo huo huo wa maneno. Ni mnyang'anyi, mtu ambaye riziki yake ni ya haramu.

Hivyo ndivyo neno lilivyotufikia, na mtu anaweza kulitumia hivyo maisha yake yote asipate shida. Lakini lilikuwa na maisha marefu kabla ya kufika kwetu, na katika maisha hayo maana yake ya kwanza haikuwa ubaya.

Kiswahili kimelipata neno haramu kutoka kwa Kiarabu. Sasa, Kiarabu na Kiebrania ni lugha za jamaa moja, kama Kikikuyu na Kikamba zilivyo za jamaa moja, na desturi ya jamaa hiyo ni kujenga maneno mengi juu ya mzizi wa herufi tatu. Mzizi wetu una sauti za H, R na M. Wazo lililomo ni la kitu kilichozungushiwa mpaka. Mtu wa kawaida hakigusi, kwa kuwa kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni Mungu. Kinyume chake ni halali, neno litokalo katika mzizi wenye maana ya kufungua, kama mtu afunguavyo fundo la kamba. Halali ni kilichofunguliwa ukitumie. Haramu ni kilichofungwa.

Ndiyo sababu majirani zetu Waislamu wauita msikiti mkuu wa Makka Masjid al-Haram. Ingekuwa haramu ni ubaya tu, jina hilo lingekuwa tusi, na hakuna Mwislamu ambaye angelitamka. Maana yake ni msikiti mtakatifu, mahali palipowekewa mpaka. Ndani ya mpaka huo mnyama wa mwituni hawindwi, wala mti wa asili haukatwi, wala damu ya mtu haimwagwi. Anayekwenda kuhiji huvaa ihramu, na neno hilo nalo ni la mzizi huo. Ile miezi minne mitakatifu ambayo Waarabu wa kale waliacha kupigana vita ndani yake iliitwa kwa neno la mzizi huo, na mmoja wao, Muharram, ungali na jina hilo hata leo. Na pale Yerusalemu, juu ya kilima ambapo Sulemani alijenga hekalu, Waislamu hupaita Haram al-Sharif. Maharimu ni jamaa wa karibu ambao mtu hawezi kuwaoa, dada yake, shangazi yake. Hawaolewi naye kwa kuwa wana heshima ya pekee kwake. Ukitazama maneno hayo yote utaona kwamba mpaka umewekwa ili kulinda kitu chenye thamani.

Sasa tufungue Agano la Kale, kitabu cha Yoshua mlango wa 6. Katika Kiebrania neno letu linatokea hapo kwa sura ya herem. Waisraeli wameuzunguka mji wa Yeriko siku saba, kuta ziko karibu kuanguka, na Yoshua anawaambia watu kwamba mji wote na vitu vilivyomo ni herem kwa Bwana. Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya muungano iliyotoka kamili mwaka 1952, imesema wakfu mahali hapo. Fedha, dhahabu, shaba na chuma viingie katika hazina ya Bwana. Askari asichukue hata uzi. Nadhani hilo ndilo jambo ambalo tumezoea kulipita haraka tunaposoma. Katika vita vya zamani askari hakulipwa mshahara. Mshahara wake ulikuwa nyara. Kwa herem Mungu anawanyima watu wake faida ya vita. Akani akaona vazi zuri la Babeli, shekeli mia mbili za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli hamsini, akavificha chini ya ardhi hemani mwake, na mlango wa 7 wasimulia yaliyompata. Mfalme Sauli naye alipoteza ufalme kwa jambo kama hilo, alipowaacha hai kondoo na ng'ombe walio wazuri wa Waamaleki na kuangamiza vile tu vilivyokuwa duni. Kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 27 mstari wa 28, kinasema waziwazi kwamba kila kitu kilicho herem ni kitakatifu sana kwa Bwana.

Lakini sitalilainisha neno hili likapoteza makali yake. Katika Yeriko herem ilikuwa pia kuuawa kwa watu, wazee kwa vijana. Kuna wahubiri wanaolisoma fungu hilo kwa sauti ya ushangilio, na mimi husikia baridi mwilini nikiwasikia. Tena, Israeli hawakuwa peke yao katika jambo hilo. Mwaka 1868 mmisionari mmoja jina lake Frederick Augustus Klein alionyeshwa jiwe jeusi lenye maandishi huko Dhiban, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Klein alikuwa wa chama cha CMS, chama kile kile kilichomleta Johann Ludwig Krapf Mombasa mwaka 1844. Jiwe lilikuja kuvunjwa vipande, na vilivyopatikana vikaunganishwa tena. Leo liko katika jumba la Louvre mjini Paris. Aliyeliandikisha ni Mesha mfalme wa Moabu, yule yule tunayemsoma katika 2 Wafalme mlango wa 3, yapata mwaka 840 kabla ya Kristo. Anajisifu kwamba aliutwaa mji wa Nebo mikononi mwa Israeli akaua watu elfu saba, kwa kuwa alikuwa ameuweka kwa ajili ya mungu wake. Neno alilolitumia ni lile lile la H, R na M. Kwa hiyo neno hilo lilikuwa la ujirani mzima, na watu wa Israeli waliwahi kuuawa kwalo vile vile kama walivyoua. Msomaji wa Yoshua inampasa alijue hilo.

Miaka ilipopita, upanga ulitoka katika neno, mpaka ukabaki. Katika siku za Ezra, baada ya uhamisho, watu waliitwa Yerusalemu kwa siku tatu. Asiyefika, mali yake yote iwe herem, naye mwenyewe atengwe na mkutano (Ezra 10:8). Hakuna aliyeuawa. Kuanzia hapo, miongoni mwa Wayahudi, herem ilikuwa kumtoa mtu katika jamii. Watu waliosoma falsafa hukumbuka jinsi sinagogi la Amsterdam lilivyomtoa Spinoza tarehe 27 Julai 1656, akiwa kijana wa miaka 23, hata ikakatazwa mtu yeyote kumkaribia kwa dhiraa nne au kusoma alichoandika. Lakini mimi napenda zaidi habari ya rabi Gershom wa mji wa Mainz, Ujerumani, aliyeishi yapata mwaka 1000. Kwa mapokeo ya Wayahudi yeye ndiye aliyeweka herem juu ya mwanamume atakayeoa mke wa pili, na juu ya atakayempa mkewe talaka bila ridhaa yake, na juu ya atakayefungua na kusoma barua ya mtu mwingine. Tazameni pale mpaka ulipowekwa. Umemzunguka mke asiye na mtetezi, na barua isiyoweza kujitetea.

Wayahudi wa Misri walipoyafasiri Maandiko kwa Kiyunani, herem waliiita anathema. Neno hilo nalo lina pande mbili. Asili yake ni kitu kilichowekwa juu mbele ya Mungu, kama watu walivyotundika zawadi katika mahekalu. Katika Luka 21:5 wanafunzi wanaposifu zawadi zilizolipamba hekalu, neno la Kiyunani ni ndugu wa anathema, tofauti ni irabu moja kuvutwa. Na katika Wagalatia 1:8 mtume anapomwambia malaika mwenye injili nyingine alaaniwe, neno ni anathema. Zawadi ya hekalu na laana zimetoka katika nyumba moja! Kanisa lililokutana Nikea mwaka 325 lilifunga imani yake kwa neno hilo juu ya wale waliosema kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako, na tangu siku hiyo limetumika mara nyingi, nyingine bila haki.

Basi turudi kwetu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walikuta pwani maneno yako tayari. Walipofika Yeriko hawakutumia haramu; walichagua wakfu, na ukifikiri sana utaona walifanya vizuri, maana Mswahili angedhani mji wenyewe ni mchafu. Haramu wakaiweka mahali pengine. Fungua Kumbukumbu la Torati 23:2 na Waebrania 12:8. Hapo utamkuta mwana wa haramu. Sasa angalia jambo la ajabu. Katika Kiebrania cha Kumbukumbu la Torati neno ni mamzer, na katika Kiyunani cha Waebrania ni nothos. Hakuna hata moja lenye uhusiano na herem. Yeriko, ambayo kwa mzizi wa neno ndiyo haramu halisi, kwetu haikuitwa hivyo. Mtoto, ambaye katika lugha za asili hakuitwa hivyo kamwe, kwetu ndiye aliyepewa jina hilo. Siwalaumu wafasiri. Walitumia neno ambalo watu wa pwani walikuwa wakilitumia. Ninachosema ni kwamba tuliosoma baadaye tulidhani jina hilo limetoka kinywani mwa Mungu.

Na jina hilo ni zito. Mababu zetu walikuwa na maneno yao ya makatazo kabla ya haramu kufika bara: mwiko kwa Waswahili, mugiro kwa Wakikuyu, kwer kwa Wajaluo. Sisemi walikuwa wema kuliko sisi, maana kuna jamaa walioogopa hata mapacha. Lakini mwiko ni jambo ambalo mtu hulivunja, naye akiisha kulivunja kuna njia ya kutakaswa. Mtu huvunja mwiko, wala haitwi mwiko. Haramu sisi tumeifanya kuwa jina la mtu, tena mtu ambaye hakuvunja kitu. Baba alifanya, mama alifanya, na jina likaandikwa juu ya yule wa tatu ambaye hakuwapo.

Miaka kadhaa iliyopita nyanya mmoja alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada ya pili. Watu walipokwisha kutawanyika akanikaribia, akasema kwa sauti ya chini, "Mchungaji, ninaye mjukuu wa kubatizwa. Lakini ni wa haramu. Nimlete Jumapili na wengine, ama nimlete siku ya kazi?" Nikamwuliza, "Mama, mtoto anaitwa nani?" Akanitajia jina. Nikamwambia amlete Jumapili, saa ya ibada kubwa, na waje na wadhamini watatu kama desturi. Akaniuliza tena mara mbili kama nina hakika, na kama wazee wa kanisa wanajua. Hakuwa mwanamke mjinga, la. Alikuwa amesikia mambo fulani kanisani miaka mingi, na swali lake lilitokana na yale aliyoyasikia. Kuna mahali ambapo watoto hao walibatizwa kando, siku ya kazi, mlango umerudishwa, kana kwamba maji ya ubatizo ni ya magendo.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza baadaye sheria ya kanisa inasemaje. Nilimwonyesha kwamba kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604, ambako sisi Waanglikana tumetoka, kanuni ya 68, zinamkataza kasisi kukataa kumbatiza mtoto yeyote aletwaye kanisani Jumapili au sikukuu kwa utaratibu wa kitabu cha sala. Neno ni yeyote. Cheti cha ndoa ya wazazi hakikutajwa. Hao Waingereza wenyewe nao waliandika neno la dharau kando ya jina la mtoto katika vitabu vyao vya ubatizo, lakini walimbatiza.

"Lakini Torati, Mchungaji?" mzee akasema. Swali zuri. Kumbukumbu la Torati 23:2 inasema kwamba mwana wa haramu asiingie katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Kwanza, Wayahudi wenyewe, ambao Torati ni yao, wanafundisha tangu zamani kwamba mamzer si mtoto wa mwanamume na mwanamke ambao hawajaoana. Ni mtoto wa uzinzi wa mke wa mtu, au wa jamaa wa karibu waliokatazwa kuoana. Binti aliyezaa nyumbani kwa wazazi wake hakuzaa mamzer. Kwa hiyo hata mtu anayetaka kuishika Torati neno kwa neno hana ruhusa ya kumtupia mtoto huyo mstari ule.

Pili, chukua penseli. Yuda alizaa na Tamari mke wa mwanawe, na habari yao iko katika Mwanzo 38. Ukiisoma mbele ya watoto wa shule ya Jumapili utatafuta maneno. Mtoto aliyezaliwa ni Peresi. Nenda sasa mwisho wa kitabu cha Ruthu uhesabu kwa vidole: Peresi, Hesroni, Ramu, Aminadabu, Nashoni, Salmoni, Boazi, Obedi, Yese, Daudi. Ni vizazi kumi kamili, na wa kumi ni mfalme aliyelileta sanduku la agano Yerusalemu. Aliyeandika orodha hiyo aliianzia kwa Peresi, ingawa angeweza kuianzia kwa Yuda au kwa Abrahamu. Kila mtu na afikiri kwa nini.

Kisha soma Waamuzi 11 juu ya Yeftha, ambaye mama yake alikuwa kahaba. Ndugu zake wa baba mmoja walimfukuza wakimwambia hatarithi nyumbani mwa baba yao. Vita vilipokuja, wazee wa Gileadi walimfuata nchi ya Tobu kumwomba awe mkuu wao, naye akawauliza swali la haki kabisa: si ninyi mlionichukia mkanifukuza? Maisha yake yalikuwa na huzuni kubwa, wala sikusudii kumfanya malaika. Lakini Waebrania 11:32 imemtaja pamoja na Samweli na Daudi. Jambo la urithi alilofukuzwa kwalo nchi yetu yenyewe imelishindania muda mrefu. Sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kudai matunzo kwa baba wa mtoto ilifutwa na bunge mwaka 1969, wanaume wengi wakishangilia. Ilichukua hadi Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, kusema kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba jina la baba lisizuiwe kuandikwa katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo. Kanisa lingetangulia njia hiyo. Lilifuata nyuma.

Najua kuna atakayesema kwamba mchungaji huyu analegeza ndoa. Sivyo. Ndoa ina ua wake, na aliyeuvunja amevunja kitu kitakatifu. Hiyo ndiyo haramu kwa maana yake ya asili, na sitaki neno hilo lipotee katika mafundisho yetu. Kijana anayempa binti mimba kisha akapanda gari kwenda mji mwingine amegusa kitu kisichokuwa chake, kama Akani. Lakini katika makanisa mengi binti ndiye anayesimamishwa mbele ya watu na kutengwa na Meza ya Bwana, na kijana anaimba katika kwaya ya parokia nyingine.

Nimesema kutengwa. Neno hilo ni la Kibantu, halikutoka ng'ambo, na bado limepitia njia ile ile ya herem. Mkristo wetu akisikia fulani ametengwa, hufikiri dhambi. Lakini katika Matendo 13:2 Roho Mtakatifu anaagiza Barnaba na Sauli watengwe kwa kazi, na katika Warumi 1:1 Paulo anajitaja kuwa aliyetengwa kwa ajili ya Injili. Lugha yetu wenyewe, basi, ilijua kwamba mtu huwekwa kando kwa sababu mbili, na kwa macho tu hatuwezi kuzitofautisha daima.

Na yuko mtu mmoja aliyeomba kuwekwa kando kwa ubaya. Ni Paulo huyo huyo, Warumi 9:3. Akiwaonea uchungu ndugu zake Wayahudi, anasema angeweza kuomba awe anathema, atengwe na Kristo kwa ajili yao. Hapo wafasiri wetu wa Kiswahili walifanya jambo ambalo nawashukuru kwalo: walitumia neno niharimishwe. Katika sura hiyo ya tisa, mzizi wa H, R na M umerudi mahali pake ndani ya Biblia yetu, baada ya kupotea njiani tangu Yeriko. Na tazameni aliyejitwika. Ni mtume, mtu mwenye cheo, anayeomba laana ya wengine iwe juu yake mwenyewe. Sisi mara nyingi tumeituma iende kwa aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Limebaki fungu moja. Funueni Malaki 4:6, mstari wa mwisho wa Agano la Kale katika Biblia zetu. Nabii anasema juu ya Eliya atakayekuja kuigeuza mioyo ya akina baba iwaelekee watoto wao, na mioyo ya watoto iwaelekee baba zao, Bwana asije akaipiga nchi. Aipige kwa nini? Kwetu limewekwa neno laana, lakini katika Kiebrania neno la mwisho kabisa la mstari huo ni herem. Someni tena polepole muone nani yuko hatarini. Haramu ya Malaki haikumwangukia mtoto asiye na baba. Yatishia kuiangukia nchi nzima ambayo baba zake hawajageuza mioyo.

Wayahudi wanapoufikia mstari huo katika kusoma, wanarudia ule ulioutangulia, ili sauti ya mwisho masikioni mwa watu isiwe herem. Sisi hatuna desturi hiyo. Sisi tunafungua ukurasa, na hapo ni Mathayo 1, majina ambayo watu wengi huyaruka. Katika mstari wa 3 kuna Tamari na mtoto wake Peresi. Katika mstari wa 5 kuna mwanamke mmoja aliyetolewa hai katika Yeriko siku ile mji wote ulipokuwa herem, naye ni Rahabu, mama yake Boazi.